Siri ya besiboli: Kwa nini mashabiki walisubiri miaka 108 bila kukata tamaa

MWISHONI mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2016, ukuta wa nje wa uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, Marekani, uligeuka kuwa daftari. Watu walifika na vipande vya chaki za rangi, wakaandika majina juu ya matofali: ya baba na mama, ya babu na bibi, ya marafiki wa utotoni. Wengi wa waliotajwa ukutani hapo walikuwa wamekwisha kufariki dunia. Walikuwa mashabiki wa timu ya besiboli ya Chicago Cubs, walioishi na kuzikwa bila kuiona timu yao ikitwaa ubingwa.

Mara ya mwisho kwa Cubs kuwa bingwa ilikuwa mwaka 1908, wakati Tanzania Bara ya leo ikiwa bado koloni la Wajerumani. Tangu hapo zilipita vita kuu mbili za dunia, mataifa ya Afrika yakapata uhuru, binadamu akatua mwezini, na Cubs ikawa ingali inashindwa. Hata hivyo, uwanja wake uliendelea kujaa.

Kwa mpenzi wa kandanda wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako timu kubwa ikipoteza mechi mbili mfululizo kocha huanza kufungasha virago, subira ya namna hiyo ni kitendawili. Ili kukitegua, ni lazima kwanza kuufahamu mchezo wenyewe.

Mchezo wa kurudi nyumbani

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila upande. Wanaoujua mchezo wa kriketi watauona undugu wake kwa haraka: mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Mpigaji akifanikiwa, hukimbia kupitia vituo vitatu vilivyopangwa katika umbo la mraba, kimoja kikiwa umbali wa meta 27 hivi kutoka kingine, kisha hurejea pale alipoanzia, mahali panapoitwa nyumbani. Akikamilisha mzunguko huo bila kutolewa, timu yake hupata pointi moja.

Timu hupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe, ndipo zamu huhamia upande wa pili. Mechi ina zamu tisa, na hivyo kila timu ina nafasi 27 za kutolewa kabla mambo hayajaisha. Matokeo yakiwa sare, zamu huongezwa hadi mshindi apatikane. Katika ligi kuu ya Marekani, yenye timu 30, kila timu hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida, nusu yake zikiwa katika uwanja wa nyumbani.

Jambo la kwanza linalowavuta mashabiki limefichika ndani ya kanuni hizo. Kandanda ni mchezo wa kundi linalosogea pamoja. Besiboli ni mchezo wa timu unaomlazimisha kila mchezaji kusimama peke yake. Zamu ya kupiga ikifika, hakuna wa kumpasia mpira wala mahali pa kujificha. Nyota na mchezaji dhaifu kabisa hupanga foleni moja, na mara nyingi ni yule dhaifu anayejikuta amebeba hatima ya wenzake.

Kushindwa ni jambo la kawaida

Mrushaji husimama umbali wa meta 18.4 kutoka kwa mpigaji. Akiurusha mpira kwa kasi ya kilometa 150 kwa saa, unamfikia mpigaji katika muda usiofika nusu sekunde. Ndani ya muda huo mpigaji anapaswa kuuona, kutambua kama unakuja moja kwa moja au utapinda, kuamua kama ataupiga au atauacha, na kulizungusha gongo.

Ndiyo maana hata mabingwa hushindwa mara nyingi kuliko wanavyofaulu. Mchezaji anayefaulu kwa kishindo mara tatu katika kila majaribio kumi huhesabiwa kuwa hodari, na akidumu hivyo kwa miaka mingi jina lake huingia miongoni mwa magwiji. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston Red Sox alimaliza msimu akiwa na wastani wa 0.406, yaani mafanikio manne na ushei katika kila kumi. Hakuna mchezaji wa ligi mbili zinazounda ligi kuu ya sasa aliyefikisha wastani wa 0.400 tangu mwaka huo.

Ni michezo michache inayoweka kushindwa katikati ya ubora kwa namna hiyo. Shabiki wa besiboli hufundishwa tangu utotoni kwamba mtu anaweza kuangushwa mara saba katika kumi na bado akaitwa bingwa. Kwa mfanyakazi anayetoka kazini jioni akiwa na siku mbaya mgongoni, hilo ni somo analolielewa bila kufafanuliwa.

Hakuna kupoteza muda

Jambo la pili ni saa. Katika kandanda, timu inayoongoza kwa bao moja dakika ya 85 inaweza kupeleka mpira pembeni, wachezaji wakajiangusha, kipa akachukua muda mrefu kuupiga mpira. Katika besiboli ujanja huo hauna kazi. Timu inayoongoza, hata kwa pointi kumi, ni lazima iendelee kurusha mpira kuelekea kwa mpigaji hadi imtoe mtu wa 27. Anayeshindwa hupewa nafasi yake kamili, na maadamu mtu wa mwisho hajatolewa, lolote linawezekana.

Mwaka 2023 ligi kuu ilianzisha saa inayomlazimisha mrushaji kutupa mpira ndani ya sekunde chache, baada ya malalamiko kwamba mechi zilikuwa zimefikia wastani wa zaidi ya saa tatu. Mabadiliko hayo yalipunguza wastani huo hadi karibu saa mbili na dakika 40. Lakini saa hiyo huhesabu muda kati ya mrusho mmoja na mwingine tu, na mechi yenyewe haina dakika ya mwisho.

Wakosoaji wa besiboli husema ni mchezo wa kusinzia, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda wachezaji wamesimama wakisubiri. Wapenzi wake hujibu kwamba utamu umo katika kusubiri huko huko. Kati ya mrusho na mrusho shabiki hupata wasaa wa kujiuliza: atarusha mpira gani? Mkimbiaji ataiba kituo? Kocha atambadilisha mrushaji aliyechoka? Baba humweleza mwanawe, jirani hubishana na jirani, na mechi hugeuka kuwa maongezi ya saa tatu.

Rafiki wa kila siku

Jambo la tatu ni mazoea. Mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba maana yake ni kwamba timu hucheza karibu kila siku. Kandanda ni sikukuu ya mwisho wa juma, lakini besiboli ni mwenzi wa nyumbani, aliyepo wakati wa kupika, kufua na kuendesha gari.

Kwa Cubs mazoea hayo yalikuwa na sura ya pekee. Wrigley Field ilijengwa mwaka 1914, na hadi mwaka 1988 haikuwa na taa. Mechi zote za nyumbani zilichezwa mchana, wakati viwanja vingine vyote vya ligi kuu vilikuwa vimekwisha kuweka taa. Watoto wa Chicago walirudi kutoka shule wakazikuta zamu za mwisho zikiendelea katika redio au televisheni sebuleni, mara nyingi bibi akiwa ameketi mbele yake. Mtu mzima anayekumbuka utotoni mwake namna hiyo hakumbuki pointi. Anamkumbuka bibi.

Uwanja wenyewe nao haukubadilika sana. Mimea inayotambaa kwenye ukuta wa nyuma ilipandwa mwaka 1937, mwaka ambao pia lilijengwa lile bao kubwa la matokeo linalobadilishwa namba kwa mkono. Timu ikishinda nyumbani, bendera nyeupe yenye herufi ya W ya buluu hupandishwa ili hata abiria wa treni wanaopita karibu wajue habari.

Hesabu zinazotunza kumbukumbu

Jambo la nne ni takwimu. Kila mrusho wa besiboli huandikwa, na mashabiki huzijua namba kama mwanachuoni anavyozijua aya. Kwa mtazamaji wa mbali huo ni ushamba wa mahesabu. Kwa shabiki, hesabu ndizo zinazomwezesha kumlinganisha mchezaji wa leo na yule aliyeshangiliwa na babu yake.

Namba hizo zina historia chungu pia. Kwa miongo kadhaa wachezaji weusi walizuiwa kucheza ligi kuu na wakalazimika kuunda ligi zao. Kizuizi hicho kilivunjwa Aprili 15, 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani akiwa na Brooklyn Dodgers. Josh Gibson, mpigaji wa kutisha wa ligi za weusi, alikuwa amefariki dunia Januari ya mwaka huo huo, miezi mitatu tu kabla ya mlango kufunguliwa. Ilipofika Mei 2024 ligi kuu iliingiza rasmi takwimu za ligi za weusi katika kumbukumbu zake, na Gibson, kwa wastani wa 0.372, akawekwa juu ya orodha ya wapigaji wa nyakati zote. Heshima hiyo ilimfikia miaka 77 baada ya kifo chake.

Chicago nayo ilikuwa na kisa chake. Mwaka 1953 Ernie Banks, aliyetokea timu ya weusi ya Kansas City Monarchs, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea Cubs. Alipiga mpira nje ya uwanja mara 512, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1958 na 1959, na hadi anastaafu mwaka 1971 hakuwahi kucheza hata mechi moja ya hatua ya mchujo wa ubingwa. Pamoja na hayo alijulikana kwa uchangamfu wake na kwa msemo wake wa kutaka zichezwe mechi mbili kwa siku moja, kwa kuwa moja ilikuwa haimtoshi. Alifariki Januari 2015, msimu mmoja kamili kabla ya ule wa ubingwa. Kati ya majina yaliyoombolezwa Chicago mwaka 2016, la kwake lilikuwa midomoni mwa wengi.

Mapenzi yanapogeuka shubiri

Si haki kuyasifu mapenzi haya bila kutaja ubaya wake. Mashabiki walioshindwa kuelewa mikosi ya timu yao walitafuta wa kulaumiwa. Kwanza alikuwa mbuzi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1945 mwenye baa mmoja, William Sianis, alifukuzwa uwanjani pamoja na mbuzi wake wakati wa fainali, akaapa kwamba Cubs haitashinda tena. Cubs ilipoteza fainali hizo na haikurudi huko kwa miaka 71. Kisa cha mbuzi kilichukuliwa kama mzaha, ingawa wapo walioamini.

Kilichofuata hakikuwa mzaha. Oktoba 14, 2003, Cubs ilikuwa inaongoza 3-0 katika zamu ya nane dhidi ya Florida Marlins, ikibakiwa na watu watano tu wa kutolewa ili iingie fainali. Mpira ulipigwa juu kuelekea jukwaani. Mashabiki kadhaa walinyoosha mikono, mmoja wao akaugusa, na mchezaji wa Cubs aliyeruka kuudaka akaukosa. Baada ya hapo Marlins ilipata pointi nane katika zamu hiyo, na kesho yake ikaitoa Cubs.

Warushaji walikosea, mdakaji wa katikati aliangusha mpira rahisi, lakini hasira yote ilimwangukia yule shabiki. Alitolewa uwanjani chini ya ulinzi, akatishiwa, na akalazimika kuishi mafichoni huku jina lake likitajwa kila msimu. Mpira aliougusa ulinunuliwa kwa zaidi ya dola 113,000 na kulipuliwa hadharani mwaka 2004. Mtu aliyefanya kile ambacho kila shabiki angefanya aligeuzwa kafara ya mji mzima. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kupenda timu kupita kiasi kunaweza kumfanya mtu asahau kumpenda jirani aliyekaa naye jukwaa moja.

Usiku wa Cleveland

Novemba 2, 2016, Cubs iliingia katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali mjini Cleveland. Ilikuwa imetanguliwa kwa mechi 3-1 ikasawazisha. Wapinzani wao nao walikuwa na kiu, kwa kuwa ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1948. Shabiki mmoja wa Cubs, aliyekuwa ameahidiana na baba yake kwamba siku timu itakapofika hapo watasikiliza pamoja, aliendesha gari mamia ya maili hadi makaburini, akaketi kando ya kaburi la mzee na kuwasha matangazo.

Cubs iliongoza 6-3. Katika zamu ya nane, ikiwa imebakiza watu wanne tu wa kutolewa, Cleveland ilipata pointi moja, kisha Rajai Davis akapiga mpira uliovuka ukuta na kufanya matokeo kuwa 6-6. Kwa mashabiki wa Chicago, mwaka 2003 ulikuwa umerudi.

Zamu ya tisa ikamalizika bila mshindi, na mvua ikanyesha. Mechi ilisimamishwa kwa dakika 17. Wakati wa mapumziko hayo Jason Heyward, mchezaji aliyekuwa na msimu mbaya wa upigaji, aliwakusanya wenzake katika chumba cha mazoezi na kuwatia moyo. Waliporudi uwanjani, Ben Zobrist alipiga mpira ulioleta pointi ya kuongoza, na Miguel Montero akaongeza nyingine. Cleveland ilirudisha moja, ikawa 8-7. Kisha mpira wa mwisho ukaviringika chini hadi kwa Kris Bryant, ambaye aliurusha kwa Anthony Rizzo, na Rizzo akautia mfukoni mwa suruali yake.

Miaka 108 ilikuwa imekwisha. Wenye kupenda ishara walikumbuka kwamba mpira wa besiboli hushonwa kwa mishono pacha 108.

Katika gwaride la Novemba 4, wakuu wa jiji walikadiria kwamba watu milioni tano walijitokeza. Januari 16, 2017, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Rais Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya na ambaye mwenyewe ni shabiki wa White Sox, mahasimu wa Cubs katika jiji hilo hilo, aliwapokea mabingwa Ikulu ya Marekani. Na Julai 31, 2017, klabu ilimkabidhi yule shabiki wa mwaka 2003 pete ya ubingwa, sawa na zile za wachezaji. Ulikuwa uungwana uliochelewa kwa miaka 13.

Mbegu Afrika Mashariki

Mchezo huu si wa Marekani peke yake. Japani, Korea Kusini, Kuba na Jamhuri ya Dominika huupenda kwa kiwango cha kandanda au zaidi. Afrika Mashariki nayo imeanza kuujua. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, waliweka historia kwa kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka mmoja baada ya wenzao waliofuzu kunyimwa viza. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda iliifunga Jamhuri ya Dominika katika mashindano hayo hayo. Nchini Tanzania, wanafunzi wa sekondari hushindana katika mashindano yaliyoigwa kutoka yale ya shule za Japani, na Shule ya Sekondari Azania ya jijini Dar es Salaam ina uwanja wa mchezo huo uliojengwa kwa msaada wa nchi hiyo.

Kama mapenzi ya Chicago yatachipua huku ni suala la wakati. Mapenzi hayo hayakuletwa na vikombe, kwa sababu vikombe havikuwapo. Yaliletwa na kukaa pamoja: mzee akimfundisha mtoto kuhesabu, mtoto akikua na kumfundisha wake, wote wakiisubiri siku wasiyoijua.

Tangu mwaka 2016 hadi kumalizika kwa msimu wa 2025 Cubs haikuutwaa ubingwa tena, na watazamaji hawakuukimbia uwanja. Chaki haidumu na mvua huifuta. Lakini walioandika ukutani hawakuwa wanawaandikia wapita njia. Walikuwa wanawapelekea habari waliotangulia: imeshinda.